The Silent Sex: kitabu kwa anayeendesha vikao Mombasa

Kila anayeshika daftari la kikao Mombasa, awe katibu wa kamati ya mtaa Jomvu, mwekahazina wa chama Kisauni au ofisa anayekusanya maoni ya bajeti wadi kwa wadi, anaijua hesabu ya theluthi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27(8), inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kamati ya watu 15 basi iwe na wanawake 5. Majina yanaandikwa, saini zinatiwa, picha inapigwa wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Kitabu hiki kinamwambia katibu kwamba akishafika hapo ndipo ubovu unapoanza, na kinamwonyesha kwa sekunde zilizohesabiwa.

Waandishi ni wawili: Christopher Karpowitz wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na Tali Mendelberg wa Princeton. Kilitoka 2014 kwa Princeton University Press, kina zaidi ya kurasa 400, kwa Kiingereza cha chuoni, na majedwali ya takwimu ambayo msomaji asiyezoea atayaruka bila kupoteza kitu. Mendelberg ndiye jina la kufuatilia. Kabla ya hiki alikuwa ameandika kitabu cha 2001 kuhusu rangi kwenye kampeni za Marekani, nacho tutakigusa chini, kwa sababu vitabu hivi viwili vinauliza jambo moja: usawa ukishaandikwa kwenye sheria, ukubwa wa watu fulani juu ya wengine unajificha wapi?

Kwenye hiki cha 2014 jibu ni kwamba unajificha kwenye kanuni ya kuamua.

Jaribio lao ni rahisi kueleza. Waliunda vikundi 94 vya watu watano watano, jumla watu 470, katika sehemu mbili za Marekani. Vikundi vingine havikuwa na mwanamke hata mmoja, vingine alikuwa mmoja, wawili, watatu, wanne, hadi wote watano. Kila kikundi kilipewa jambo la kujadili: pesa tutakazochuma zigawanywe vipi? Kila mtu abaki na chake, au kuwe na kima cha chini ambacho hakuna anayeshuka chini yake? Halikuwa zoezi la hewani. Wakishaamua, walifanya kazi ya kusahihisha makosa ya tahajia, wakalipwa, na malipo yakagawanywa kwa kanuni waliyoichagua wenyewe. Nusu ya werevu wa jaribio hili uko hapo, kwani mtu anayejua kwamba maneno yake yatagusa mfuko wake hazungumzi kwa kupitisha muda.

Halafu wakaongeza kitu cha pili. Vikundi vingine viliambiwa viamue kwa kura ya wengi, na vingine kwa kauli moja, yaani hakuna uamuzi mpaka wote watano wakubali. Kila mtu alirekodiwa peke yake, ikahesabiwa amezungumza kwa muda gani, nani kamdakiza, kwa maneno gani, na mwishoni wenzake walimtaja nani kuwa ndiye aliyekuwa na uzito zaidi.

Matokeo yaliyosambaa sana magazetini ni kwamba, kwa ujumla, wanawake walizungumza chini ya asilimia 75 ya muda waliozungumza wanaume. Hilo halimshangazi mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi. Linalofaa kulipiwa ni lile la ndani zaidi: pengo hilo halikuwepo kila mahali. Wanawake wachache wakiamua kwa kura ya wengi, pengo lilikuwa kubwa. Wanawake wachache haohao wakiwekwa kwenye kanuni ya kauli moja, liliondoka. Na kura ya wengi nayo haikuwa na neno wanawake walipokuwa wengi kweli, kama wanne kati ya watano. Kuzidi kidogo tu hakukutosha.

Sasa irudishe hesabu hiyo Mombasa. Theluthi ni asilimia 33. Kwenye kikundi cha watano, mwanamke mmoja ni asilimia 20 na wawili ni asilimia 40, kwa hiyo theluthi yetu inaangukia katikati ya pale pabaya. Na namna tunayoamua kwa kawaida ni ipi? "Nani anapendekeza? Nani anaunga mkono? Wanaokubali wanyoshe mikono." Kura ya wengi. Kamati iliyotimiza sheria kwa ukamilifu, wanawake 5 kati ya 15 na mikono hewani, imechagua bila kujua mchanganyiko unaowanyamazisha wanawake kuliko mwingine wowote. Kwa ukurasa huo mmoja kitabu kinastahili bei yake, na ajabu ni kwamba mabishano yetu ya theluthi, bungeni na mahakamani, yamehusu idadi ya viti miaka yote hii na karibu hayajagusa kanuni za kikao.

Tiba inaonekana nyepesi: tumieni kauli moja. Hapa ndipo msomaji wa Pwani anapaswa kupunguza mwendo, kwa sababu sisi tuna kauli moja yetu ambayo si ile ya kitabuni. Mwenyekiti anamaliza maelezo, anauliza "Tumekubaliana?", ukumbi unajibu "Ndiyooo!", na katibu anaandika "ikakubaliwa kwa kauli moja". Ile ni kura ya wengi iliyovishwa kanzu. Waliojibu ni wenye sauti, na asiyejibu amehesabiwa kuwa amekubali. Kauli moja ya jaribio ilimpa kila mtu uwezo wa kuuzuia uamuzi, na uwezo huo ndio uliowafanya wenzake wageuke wamuulize: wewe wasemaje?

Ili kuipata kauli moja ya kweli kwenye kamati ya watu 15, utaratibu unaoendana na kitabu ni huu. Hoja isomwe kwa sentensi moja. Mwenyekiti azunguke jina kwa jina, aanzie upande waliokaa wanawake, na kila mmoja atamke neno moja kati ya matatu: nakubali, nakataa, bado. "Bado" moja inaufungua mjadala upya, na aliyeisema ndiye anayepewa nafasi ya kwanza. Bila neno "bado" utaratibu wote unakufa, kwani mwanamke aliyekaa karibu na kaka wa mumewe hatasema "nakataa" mbele ya watu, ila "bado" ataisema. Mzunguko wa watu 15 ukiwa umezoeleka hauzidi dakika 5. Unaochukua muda ni ule wa kwanza, watu wanapotaka kuhutubia badala ya kutamka neno moja, na mwenyekiti asipowakata hapo hapo, kikao cha saa moja kitakuwa cha tatu.

Kauli moja ina hasara zake, na waandishi hawazifichi. Inawapa wachache nguvu, wawe nani. Chukua chama cha watu 12, wanawake 10 na wanaume 2. Mkiamua kwa kauli moja, wale wanaume wawili ndio watakaozungumza kupita sehemu yao. Chama kama hicho kipige kura. Ndiyo maana kumpa mtu ushauri wa jumla, "kauli moja ni bora", ni kukisoma kitabu nusu. Kanuni ifuate hesabu ya waliohudhuria siku ile. Waliosajiliwa hawahesabiki. Kamati yenye wanawake 5 daftarini huweza kuwa na 2 ukumbini ikiwa kikao kimewekwa saa ya kuchukua watoto shule au karibu na magharibi, na 2 kati ya 12 ni chini hata ya mwanamke mmoja kati ya watano.

Sehemu ya kudakiza ndiyo niipendayo kuliko zote. Watafiti hawakuhesabu kila kukatizwa kuwa kubaya. Walitenganisha kudakiza kwa kuunga mkono ("ndiyo", "kweli hiyo", "naam, endelea") na kudakiza kwa kupinga au kumvuta mtu nje ya mada. Mwanamke aliyekuwa peke yake au mmoja wa wawili, kwenye kura ya wengi, alipata zaidi ya ile mibaya kutoka kwa wanaume. Walipoongezeka, ile ya kuunga mkono ikaongezeka. Na waliokatwa vibaya waliandikwa na wenzao kuwa na uzito mdogo. Msomaji wa Mombasa hahitaji kufundishwa nguvu ya "ehee!" inayotoka nyuma ya ukumbi. Kitabu kinampa sababu ya kuiwekea safu kwenye daftari.

Mada nazo zilibadilika. Wanawake walipokuwa wengi, au walipolindwa na kauli moja, watoto, familia na wasiojiweza walitajwa mara nyingi zaidi na mapema zaidi, na kima cha chini walichokubaliana kikapanda. Kwa mkusanyaji wa maoni ya bajeti hili lina maana ya moja kwa moja. Orodha ya vipaumbele inayotoka kwenye kikao inategemea nani alizungumza katika dakika za mwanzo, kwa sababu wanaofuata humjibu aliyetangulia. Kikao kilichofunguliwa na lami kitaishia kwenye lami, na mama aliyekuja na habari ya zahanati isiyo na dawa usiku ataambiwa "hilo tutalichukua mwisho, kwenye mengineyo".

Kupima kikao chako mwenyewe hakuhitaji maabara. Simu mbili zinatosha: moja ya kurekodi, kwa ruhusa iliyotangazwa mwanzoni, na moja ya saa. Chora safu nne: sekunde, idadi ya zamu, alidakizwa vipi, na jambo alilolitaja kwanza. Kisha tafuta uwiano. Tuseme kamati ina watu 15, wanawake 5, na mazungumzo yenyewe yamechukua dakika 60. Sehemu yao ya haki ni dakika 20. Wakipata 11, uwiano ni 11 gawanya kwa 20, yaani 0.55. Ukikaribia 1, kanuni yako inafanya kazi. Kikao kimoja hakitoshi kuhukumu. Pima vitatu kwa kanuni ya zamani na vitatu kwa mpya, kwenye ajenda zinazofanana, maana ajenda ya ada na ajenda ya harusi haziamshi watu sawa.

Makosa ya upimaji ni yaleyale. La kwanza ni kumhesabu mwenyekiti pamoja na wajumbe. Maneno yake ya kuongoza yatolewe, yabaki yale anayotoa maoni. La pili ni kuhesabu dua ya kufungulia, salamu za wageni waalikwa na usomaji wa kumbukumbu za kikao kilichopita, ambazo kwetu hula robo saa bila taabu. La tatu, na ndilo linaloharibu kabisa, ni kutegemea kumbukumbu zilizoandikwa badala ya sauti. Katibu huandika maamuzi. "Wajumbe walijadili kwa kina" huweza kuwa wanaume wanne wakijibizana. Waandishi walipohamia nje ya jaribio, kwenye bodi za shule za Marekani, walitumia kumbukumbu za vikao, na mwelekeo ukafanana, lakini zile zinaandika jina la kila aliyezungumza. Zetu mara nyingi hapana.

Kitabu kinapungua wapi? Kwanza, ukubwa. Watu watano wasiojuana, chumba kimoja, mlango umefungwa. Kikao cha maoni ya umma Mombasa huweza kuwa na watu 200 chini ya hema, kipaza sauti kimoja, na kaunti nzima ina watu zaidi ya milioni 1.2 katika wadi 30. Kauli moja ya watu 200 haipo duniani. Njia iliyo karibu na ushahidi ni kuwavunja katika meza za watano au sita, kauli moja ndani ya kila meza, karatasi moja kwa meza, halafu msemaji anayetajwa na meza asome kilichoandikwa, si alichonacho moyoni. Watu 200 ni meza kama 35; dakika mbili kwa meza ni saa moja na dakika kumi za kusoma. Ikizidi hapo watu huondoka, kwa hiyo karatasi zinazofanana zisomwe pamoja.

Pili, washiriki wa jaribio hawakuwa na mashemeji ukumbini. Kwetu heshima, umri, ukoo na nani anadaiwa na nani vinaingia na mtu mlangoni. Kwa hilo soma pembeni utafiti wa Ramya Parthasarathy, Vijayendra Rao na Nethra Palaniswamy, uliochapishwa 2019, kuhusu mabaraza ya vijiji vya Tamil Nadu, India. Waliochambuliwa pale ni majirani waliojuana maisha yao yote. Wanawake walizungumza kidogo, mada zao hazikufuatwa, na maofisa hawakuwajibu sawasawa. Kijiji kilipokuwa na rais wa halmashauri yake mwanamke kwa sheria ya viti maalumu, wanawake hawakuzungumza zaidi, ila walijibiwa zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa wanaodhani kumweka Bi Mwenyekiti mbele kunamaliza kazi. Kunamaliza nusu yake, ile ya majibu.

Tatu, na hapa ndipo kitabu kinanyamaza kupita kiasi, washiriki walikuwa Wamarekani wengi wao weupe, hivyo hakina mengi kuhusu mwanamke anayebeba vitu viwili kwa pamoja: jinsia yake na asili yake. Mombasa mwanamke hanyamazi kwa jinsia tu. Hunyamaza pia kwa kuitwa mgeni, au mbara, au kwa lafudhi inayomtaja kabla hajajitaja.

Kwa hilo rudi kwenye kazi za awali za Mendelberg. Kitabu chake cha 2001, The Race Card, kilichopata tuzo ya Woodrow Wilson ya Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani, kinachambua kampeni ya urais ya 1988 kati ya George H. W. Bush na Michael Dukakis. Tangazo la kumshambulia Dukakis lilionyesha picha ya Willie Horton, mfungwa mweusi aliyefanya uhalifu akiwa kwenye likizo ya gerezani huko Massachusetts. Neno "mweusi" halikutamkwa. Hoja ya Mendelberg ni kwamba ujumbe wa rangi una nguvu ukiwa umefichwa, na hupungukiwa pale unapotajwa hadharani kwa jina lake, kama Jesse Jackson alivyofanya kampeni ikielekea ukingoni, kwa sababu watu wanaoamini usawa hawataki kujiona wamechochewa na rangi. Gregory Huber na John Lapinski walimpinga 2006: kwa majaribio yao, ujumbe wa wazi haukuwa dhaifu kuliko uliofichwa. Akawajibu. Msomaji wa leo, aliyeona siasa za Marekani za miaka ya karibuni zikisema waziwazi yaliyokuwa yakinong'onwa, atakuwa na mashaka na nadharia ile, nami ninayo. Kama kifaa cha kusikilizia, hata hivyo, bado kinafanya kazi.

Kwetu mafumbo hayahitaji kufafanuliwa. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona ya chuki, yakiwemo "madoadoa" na "hatupangwingwi". Kuyataja ni kufanya kile ambacho nadharia ya Mendelberg inashauri. Lakini kwenye kikao cha ardhi au ajira Mombasa neno baya ni dogo zaidi na halimo kwenye orodha ya mtu: "wenyewe". "Wenyewe wanasemaje?" Nani hao?

Makala yake ya 2000 na John Oleske inafaa hapa kuliko kitabu chochote. Walichunguza mikutano miwili ya hadhara Marekani kuhusu kuchanganya wanafunzi wa rangi tofauti shuleni. Mkutano wa watu wa rangi moja ulikubaliana vizuri, kwa lugha ya upole kuhusu ubora wa shule na ujirani. Maneno yaleyale yalipotamkwa kwenye mkutano uliochanganyika yalisikika kuwa ya ubaguzi, na watu wakagombana. Mwenyekiti wa Mombasa anayesifiwa kwa kikao kitulivu aulize kwanza nani hakuwepo. Na kama ajenda inatumia neno kama "wenyewe" au "wakaazi halisi", alifafanue kwa maandishi kabla ya kikao: mwenye hati, mpangaji, aliyezaliwa hapa, au aliyeishi miaka mingapi.

Kuhusu kununua: anayetaka kuendesha vikao asome sehemu ya kwanza inayoeleza jaribio, sura za muda wa kuzungumza na za kudakiza, kisha hitimisho. Majedwali ayaache. Anayefundisha siasa au jinsia chuoni asome chote, aanze na makala yao ya 2012 kwenye jarida la American Political Science Review, waliyoiandika na Lee Shaker, ambayo ina kiini cha jambo kwa kurasa chache. Chama kinaweza kuchanga kikanunua nakala moja, mjuzi wa Kiingereza akawatolea kurasa tatu za Kiswahili. Yaliyomo yanayohitajika kwenye kikao hayazidi hapo. Anayetafuta hotuba ya Machi 8 asipoteze pesa zake, humu hamna hata mstari wa kupigiwa vigelegele.